"Hela ya Kula Bata Ipo, ya Kumzika Bibi Haipo?" Leo Najibu

Haya jamani, assalaam aleikum, shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Samahani kwa mwanga, nimerekodia jikoni kwa sababu chumbani kuna mwenzangu amelala, ametoka zamu ya usiku. Nitaongea taratibu.

Hii video sikupanga kuirekodi. Nilipanga kuwawekea ile ya kununua gari la mtumba huku Leeds, Uingereza, mmeiomba sana, itakuja. Lakini kuna swali moja kila nikifungua komenti nalikuta, kila nikifungua inboksi nalikuta, na sasa limeingia mpaka kwenye grupu la ukoo. Swali lenyewe linakuja kwa nguo tofauti. Wengine wanauliza kwa upole: "Dada, hela ya matamasha kila wiki unatoa wapi?" Wengine hawana upole: "Mnajifanya mnabeba boksi kumbe mnakula bata." Na mzee wangu mmoja, simtaji, ni mkubwa wangu na ninamheshimu, alituma sauti kwenye grupu baada ya kuona picha zangu za Brussels, Ubelgiji. Alisema hivi: "Hela ya kwenda kula bata ipo, ya kuja kumzika bibi yako haipo."

Hiyo sauti ni ya dakika moja na sekunde kumi. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyostahili.

Sasa naomba kabla sijaendelea tuelewane. Nitataja hela. Nikitaja hela, kuna watakaosema najigamba, na nikitaja tabu kuna watakaosema si urudi nyumbani kama huko kugumu. Sijigambi na silalamiki. Nimeulizwa, najibu. Na haya ni ya kwangu mimi, na aina yangu ya viza, na kazi yangu. Mwenzako aliye Birmingham au Slough mambo yake yanaweza kuwa tofauti kabisa, kwa hiyo usichukue video yangu ukaenda kumpigia simu ndugu yako kumwambia "mbona fulani kasema."

Nianze na msiba, maana huo ndio unaoniuma. Picha zitafuata.

Bibi alifariki tarehe 21 Mei, Muheza, alfajiri. Kwetu mnajua, mtu akifariki alfajiri, alasiri yuko kaburini. Hata ningekuwa Dubai nisingewahi mazishi. Hilo mzee wangu analijua. Lakini tuliache, tuseme anamaanisha msiba wote, matanga, hitima, arobaini. Hivyo ningeviwahi. Kwa nini sikuja?

Viza yangu ya kazi ya malezi, yaani kuhudumia wazee majumbani kwao, ilikuwa inaisha tarehe 14 Juni. Tarehe 6 Mei nilituma maombi ya kuongeza. Ada mwaka 2025 ilikuwa pauni 304 kwa muda usiozidi miaka 3, na sisi wa afya na malezi tumesamehewa ile ada ya hospitali ambayo wengine wanalipa pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza. Alhamdulillahi kwa hilo. Jibu linatarajiwa ndani ya wiki 8. Ipo foleni ya haraka ya kuongeza pauni 500, mimi sikuilipia, kwa sababu tarehe 6 Mei bibi alikuwa anakula vizuri na ananitania kwenye simu, na pauni 500 nilikuwa na kazi nazo.

Sasa kanuni iko hivi, na hii ndiyo watu wa nyumbani hawaijui, wala sikulaumu, na mimi sikuijua mpaka ikanikuta. Ukiwa umetuma maombi ya kuongeza viza ukiwa ndani ya Uingereza, halafu ukatoka nje ya nchi kabla hujajibiwa, ombi linahesabiwa kwamba umeliondoa mwenyewe. Ukiwa unamzika bibi, ukiwa unamzika mama, hakuna kanuni ya pembeni.

Kuna mtu ataandika hapo chini: "Lakini viza ya zamani ilikuwa hai mpaka 14 Juni, si ungekwenda ukarudi ukaomba upya?" Niliwaza hivyo hivyo, usiku kucha. Mlango wa kuingilia ningeupata, kweli. Lakini ada ilishakwenda, na kile cheti cha udhamini anachotoa mwajiri kilishatumika kwenye ombi lile. Angetakiwa anitolee kingine, kimoja alikuwa anakilipia pauni 525, na anitolee kabla ya tarehe 14. Nilimuuliza meneja. Akaniambia pole sana, halafu akaniambia hawezi kuahidi. Nikamwomba ruhusa ya msiba. Nikapewa siku 1, bila malipo. Huku sheria inawapa wazazi wiki mbili wakifiwa na mtoto. Bibi sheria haimjui.

Aliyenilea ni bibi. Nilipelekwa kwake nikiwa na miaka miwili, nikatoka nikiwa naingia kidato cha tano. Siku hiyo 1 niliyopewa nilikaa hapa hapa jikoni, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, naangalia watu wanaingia uani kwetu na mtandao unakatika. Kesho yake saa 1 asubuhi nilikuwa kwa mzee wa miaka 91 namsaidia kuoga.

Na kuhusu hela ya msiba sikutaka kusema, kwetu mtu hatangazi alichotoa. Lakini kwa kuwa limesemwa hadharani, nami naomba nijibu hadharani mara moja tu. Hela nilituma, siku ile ile, na aliyeipokea anajijua na kiasi anakijua. Basi.

Jibu la viza lilikuja tarehe 3 Julai. Arobaini ilikuwa tarehe 30 Juni. Hesabuni wenyewe.

Kutoka hapo nikafanya kazi. Sijui niwaelezeje Uingereza ya majira yale. Mnajua Uingereza ya baridi, ya mvua, hiyo kila mtu keshaionyesha. Mwaka 2025 kiangazi kilikuwa cha joto kuliko vyote walivyowahi kupima hapa, tangu waanze kuweka kumbukumbu mwaka 1884. Sasa msichekeane mkasema joto la nyuzi 30 na kitu ni joto gani kwa mtu wa Tanga. Nyumba za huku zimejengwa zishike joto. Madirisha madogo, zulia kila mahali, feni hakuna. Mzee wa miaka 90 hasikii kiu. Unaingia kwake unakuta amevaa sweta, amefunga dirisha, na midomo imekauka. Kazi yangu Juni na Julai ilikuwa maji. Kumbembeleza mtu anywe maji, kumtengenezea jeli, kumkatia tikiti. Nyumba kumi, kumi na moja kwa siku, ndani ya gari langu, mafuta naweka mwenyewe kwanza halafu narudishiwa kidogo mwisho wa mwezi. Jua linazama saa 3 na dakika 40 usiku, kwa hiyo hata ukimaliza kazi mwili hauamini kwamba siku imekwisha.

Malipo: mwaka 2025 wenye viza yangu hatukutakiwa kulipwa chini ya pauni 12.82 kwa saa. Nikifanya saa 48 kwa wiki, baada ya kodi na makato mengine, mkononi inaingia kama pauni 2,100 kwa mwezi. Najua mmeshazidisha kwa 3,400. Milioni 7 na kitu, mmeguna. Sasa zidisheni na hizi pia: chumba na bili pauni 620, gari na bima yake na mafuta kama 300, chakula 200, simu na intaneti 40. Nyumbani kila mwezi natuma, mama, ada ya mdogo wangu chuo, na yale ya ghafla ambayo hayajawahi kukosa mwezi. Kwenye pauni 2,100 mimi ninabakiwa na 300, mwezi mzuri 400. Humo ndimo nilimotoa matamasha, na humo ndimo nimetakiwa nijieleze.

Haya, matamasha. Hesabu ya matamasha yangu ya kiangazi kizima ni manne. Manne! Video niliwagawia vipande vipande, kwa hiyo inaonekana kila wiki niko ukumbini, lakini ni vipande vya usiku ule ule.

Moja lilikuwa London, msanii wetu wa nyumbani, simtaji kwa sababu kosa si lake peke yake. Tiketi pauni 35. Basi kutoka Leeds saa tano na kidogo barabarani. Tangazo linasema milango saa 4 usiku. Msanii amepanda jukwaani saa 8 na nusu, akaimba nyimbo sita, tatu kati yake sauti inatoka kwenye kompyuta na yeye ananyoosha maikrofoni tuimbe. Nilikaa kituo cha mabasi mpaka asubuhi. Naipenda Bongo Fleva, nimekua nayo, na ndiyo maana inaniudhi. Waandaaji wa hizi shoo za ughaibuni wanajua tumekuja na kiu ya nyumbani, na mtu mwenye kiu hakagui kikombe. Wenzetu Wanigeria msanii wao anapanda na bendi kamili. Sisi tunastahili nini?

Lingine liliahirishwa. Pauni 45 zangu hazijarudi mpaka leo. Nilimtumia mwandaaji moja kwa moja kwenye akaunti yake binafsi, kwa sababu alisema ukilipa hivyo unapunguziwa pauni 5. Ningelipa kwa kadi kupitia tovuti ya tiketi, ningeweza kwenda benki kuomba zirudishwe. Kwa hiyo mimi, kwa upande wangu, silipi tena tiketi kwa namba ya akaunti ya mtu. Wewe fanya unavyoona.

La tatu wala si tamasha la tiketi, ni karnivali ya Wakaribi hapa hapa Leeds, Potternewton Park, Jumatatu ya sikukuu mwishoni mwa Agosti. Ni bure. Ilianza mwaka 1967, na aliyeianzisha, Arthur France, alikuja huku akiwa kijana kutoka kisiwa cha Nevis. Kinachonigusa ni kwamba hawakusubiri mwandaaji awaletee nyumbani kwao. Walishona mavazi wenyewe, wakaingia barabarani. Mimi nilifanya zamu ya asubuhi, nikaegesha gari mbali, nikaenda na sare yangu ya kazi kwenye mkoba. Picha mliyoikomenti "maisha ndiyo haya" ilipigwa saa 10 jioni, na saa 12 nilikuwa namlisha mtu supu.

La nne ni Brussels.

Nina rafiki kazini, Mkongo, mwenyeji wa Uvira, yeye ameshapata uraia wa huku. Ana ndugu Brussels. Tangu Januari, kabla ya misiba yote, tuliandikisha likizo ya siku moja moja tukaziunganisha na wikiendi, tarehe 8 mpaka 11 Agosti. Meneja alishasaini. Hizo ndizo siku nilizokuwa nazo. Wiki tatu za kuja nyumbani kwenye kiangazi hazikuwepo, zilishagawanywa kwa wenye watoto wa shule, na ni haki yao. Na kwa siku nne mimi Muheza ningefanya nini? Ningefika Dar, ningepanda basi, ningesalimia, ningegeuza. Tiketi ya ndege ya Agosti niliiangalia, pauni 1,050. Brussels nzima, treni, hoteli, viza, chakula, haikufika nusu yake. Kwa hiyo anayesema ile hela ningekuja nayo nyumbani, ile hela ingenifikisha Addis Ababa.

Viza ya Ubelgiji sasa. Rafiki yangu alinunua tiketi ya treni tu, amemaliza. Mimi na pasipoti yetu ya Tanzania: ada euro 90, juu yake ada ya kituo kinachopokea maombi. Taarifa za benki za miezi mitatu. Barua ya mwajiri. Bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Hoteli iliyothibitishwa. Kibali changu cha kukaa Uingereza, ambacho siku hizi hakuna kadi, kiko kwenye mtandao, nikichapishe kwenye karatasi. Na kibali chenyewe kiwe na angalau miezi mitatu mbele baada ya safari, ndiyo maana nisingeweza hata kuomba kabla ya tarehe 3 Julai. Kupata nafasi ya miadi kituoni ni shughuli nyingine. Nilikuwa naamka saa 6 usiku kuangalia kama kuna mtu ameghairi. Siku ya kumi nikapata. Kituoni dada wa kaunta akageuza karatasi zangu akaniuliza, "Una uhakika utarudi Uingereza?" Mimi, ambaye nimemkosa bibi yangu kwa sababu siruhusiwi kutoka Uingereza. Sikumjibu chochote. Nilionyesha barua ya kazi.

Viza ilikuja siku nne kabla ya safari. Walinipa siku 5. Nilizihesabu kama mtu anayehesabu chenji.

Treni ya kutoka London inatumia kama saa mbili, unapita chini ya bahari hujui. Grand-Place, ule uwanja mkuu wa mji, nzuri, picha mmeziona, sina la kuongeza. Ninachotaka kuwaambia ni Matonge. Ni mtaa wa Waafrika pale Ixelles, umepewa jina la mtaa wa Kinshasa, ule wa muziki. Lugha utakayoisikia zaidi ni Kilingala na Kifaransa, lakini watu wa mashariki wapo. Nikaingia saluni kusuka, dada wa Bukavu akanisikia naongea na simu. Akaniangalia kwenye kioo: "Weye unasemaka Kiswahili ya mu kitabu." Tukaongea kwa muda wa saa tatu. Alinisimulia ya kwao, vita, mama yake aliyebaki huko na asiyepatikana kwenye simu tangu mwanzo wa mwaka, na mkono wake hausimami, anasuka tu. Nikamwambia ya bibi. Akasema, "Njo vile, dada. Hapa wote tunazikaka mu simu."

Usiku dada huyo wa saluni akatupeleka kwenye baa ya ndugu yake. Si ukumbi, ni chumba kirefu, meza nane, pondu na samaki, na pondu ni kisamvu chetu kile kile. Kona moja kuna wazee watano, magitaa matatu, ngoma na tumba. Hakuna jukwaa. Wakaanza polepole, mmoja anaimba kama anaongea, halafu ikafika pale rumba inapofunguka, gitaa la solo linapoachiwa.

Bibi yangu alikuwa na redio ya mbao. Ujana wake aliucheza Tanga mjini, bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilipokuwa zinapiga, na bendi za Kongo zilipokuja kuweka kambi Dar miaka ya 1970, Maquis na wengine, alizifuata kwenye redio maana babu hakumruhusu kuzifuata kwa miguu. Rumba ikifunguka alikuwa anaacha chochote anachofanya. Kama anatwanga, mchi unabaki kinuni. Ananyanyua mikono yote miwili, anafumba macho, anazunguka mara moja tu, halafu anarudi kutwanga.

Ile picha. Mikono juu, macho yamefumbwa, mdomo wazi. Rafiki yangu alinipiga bila mimi kujua, nikaipenda, nikaiweka. Hiyo ndiyo iliyopelekwa kwenye grupu la ukoo, hiyo ndiyo mzee wangu aliiona. Mtu aliyemjua bibi vizuri kama yeye, nilidhani angeitambua ile mikono. Nilikuwa nalia pale. Dada wa saluni alinishika kiuno ili nisianguke na wale wazee hawakusimamisha wimbo, waliongeza, wakaurudia pale pale penye gitaa mpaka nikamaliza. Hayo yalikuwa matanga yangu, jamani. Siku ya 80.

Kwa hiyo mzee wangu, najua unaangalia, maana wajukuu zako wanakuwekea. Shikamoo. Sijakukasirikia kiasi cha kutokupokea simu yako, ila hujanipigia. Nipigie mimi, usinisemee kwenye grupu.

Na wale wanaoniandikia kila siku niwafanyie mpango wa viza ya malezi: tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga kuchukua walezi wapya kutoka nje. Tuliopo ndani ndio tunaoweza kuendelea, kwa muda. Mtu akikwambia ana nafasi, lete milioni 15, anakuibia. Juzi kuna dada kaniambia ameshatoa nusu. Sina namna ya kumsaidia na usingizi sikupata. Tafadhali, kabla hujatoa hata shilingi, uliza. Hata mimi niulize, nitachelewa lakini nitajibu.

Gari la mtumba ni video ijayo. Mimi nimepata likizo yangu, tarehe 12 Januari naondoka, wiki tatu, tiketi nimelipa nusu na nusu namalizia mwezi huu. Mama ameniuliza nataka nikifika nikute nini. Nimemwambia wasiguse ile redio, waiache pale pale dirishani, na mtu anitafutie betri zake, zile kubwa, maana Tanga mjini wanasema ni adimu siku hizi. Kama kuna mtu yuko Muheza au Korogwe na anajua duka lenye nazo, niandikie hapo chini. Mwenzangu ameamka, namwachia jiko.